Risasi ya betri isiyeyushwe kwenye nyua za nyumba zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalofanyika mchana kweupe katika mitaa mingi ya pwani ya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi na Msasani hadi Kigamboni, nalo ni uyeyushaji wa risasi chakavu, hasa ile inayotolewa kwenye betri za magari, pikipiki na sola, kwa ajili ya kusubu, yaani kumimina kwenye umbo, chubwi (vizito) za mishipi na vizito vya nyavu. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari na nimezaliwa katika familia ya wavuvi. Naandika kwa ajili ya watoto wanaocheza, kula na kulala hatua chache kutoka mahali chungu cha risasi kinapowekwa motoni.

Niseme mapema kwamba siwashitaki wavuvi. Mvuvi wa mshipi hafanyi kazi bila chubwi, na chubwi hazidumu: zinanasa kwenye miamba, uzi unakatika, na safari inayofuata inabidi awe na nyingine. Kununua dukani kila mara ni gharama, na mtu anayeona betri kuukuu imetupwa nyuma ya gereji anajua kwamba ndani yake mna risasi. Kwa hiyo risasi itaendelea kutafutwa, na mimi sina ugomvi na hilo. Ninachotaka kijadiliwe ni risasi hiyo inatoka kwenye kitu gani, inayeyushiwa wapi, na nani yuko karibu wakati huo.

Sababu ya wavuvi kuipenda metali hii inaeleweka kwa urahisi. Ni nzito zaidi ya mara 11 kuliko maji ya ujazo uleule, kwa hiyo kipande kidogo kinashuka upesi hata penye mkondo mkali. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila shida, na ukiimimina kwenye tundu lililochimbwa mchangani inashika umbo na kuganda kabla hujamaliza kusogeza chungu. Chumvi ya bahari haiili kama inavyokula chuma. Ni vigumu kupata kitu kingine kinachokusanya sifa hizo zote kwa bei ya takataka.

Shida inaanzia kwenye betri yenyewe. Nimeshuhudia kazi hii kwa karibu na ningependa wasomaji wasioishi pwani waione. Betri hugeuzwa juu chini, tindikali ikamwagwa kwenye mtaro au shinani mwa mnazi, kisha ganda la plastiki likavunjwa kwa nyundo. Ndani mna sahani nyembamba zilizopangwa kama kurasa za daftari, na kila sahani ni kimia cha risasi kilichokandikwa udongo wa kijivu au wa kahawia iliyokolea. Sahani hizo hugongwagongwa kwenye jiwe ili udongo udondoke, kimia kikatupwa chunguni, na udongo ukaachwa pale pale chini, ambapo baada ya siku mbili za jua unakuwa vumbi laini kama poda.

Udongo huo ndio hatari kubwa kuliko vyote, na watu wengi hawaujali kwa sababu haufanani na metali. Kumbe ni risasi iliyoungana na oksijeni na salfa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, lakini sehemu kubwa ya risasi hiyo imo ndani ya udongo huo na wala haimo kwenye kimia, na jiko la mkaa haliwezi kuirudisha kuwa metali kwa namna yoyote ya maana: oksidi ya risasi pekee huyeyuka karibu na nyuzijoto 888, na salfeti yake juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kijana anayevunja betri anapata metali kidogo, anabaki na sumu nyingi, na mavi, yaani takataka zinazoelea juu ya risasi iliyoyeyuka, anayaengua na kuyamwaga nyuma ya nyumba. Zaidi ya hayo, vimia vya betri huchanganywa na antimoni au kalsiamu, na wakati mwingine aseniki kidogo, na mabaki yake yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi ambazo hata mwenye maabara anaziogopa. Hata kwa hesabu ya fedha tu, betri ni malighafi mbaya ya chubwi.

Jirani yangu mmoja, mvuvi mzoefu ambaye namheshimu sana, aliniambia, "Mwalimu, mimi moshi wake naukwepa, nasimama upande upepo unakotoka." Jibu hilo nimelisikia kwa wengi, na linaonyesha mahali tunapokosea. Risasi iliyoyeyuka katika joto la wastani haitoi mvuke mwingi. Mvuke huongezeka kadiri joto linavyopanda, na mkaa unaopulizwa unaweza kupita nyuzijoto 500 bila mtu kujua, kwa maana hakuna kipimajoto. Dalili pekee anayoiona mpishi ni uso wa risasi kugeuka rangi ya dhahabu na kisha zambarau, naye huidhania kuwa urembo. Moshi basi ni hatari kweli, lakini moshi hupita. Vumbi linabaki. Linabaki kwenye mikono ya mtu anayekwenda kula ugali, kwenye kanga iliyofutiwa jasho, kwenye nywele, na zaidi ya yote kwenye uwanja wa nyumba, ambao alfajiri mama anaufagia kwa fagio la chelewa huku mtoto wa mwaka mmoja akitambaa nyuma yake na vidole mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo anaweza kufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichokimeza. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara damu ya mtu inapofikia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita moja, kiasi kidogo mno ambacho hakihitaji zaidi ya vumbi la mikononi. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi, na watoto wa namna hiyo ni wengi katika mitaa ninayoizungumzia. Ikishaingia mwilini, risasi hujihifadhi kwenye mifupa na meno kwa miaka mingi, na mwanamke anapopata ujauzito hutoka mifupani ikarudi kwenye damu na kumfikia mtoto aliye tumboni. Kinachoharibika kwanza ni ubongo unaokua: mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, mwenye hasira, asiyetulia darasani. Uharibifu huo haurudi nyuma. Mimi ninayesimama mbele ya darasa kila siku nalipima jambo hili kwa uchungu, kwa sababu mtoto wa namna hiyo huchapwa na kuitwa mtundu, na hakuna anayefikiria kumpima damu.

Wanaodhani nakuza mambo wasome yaliyotokea Thiaroye-sur-Mer, mji wa wavuvi ulio pembezoni mwa Dakar, nchini Senegal. Kwa miaka mingi mafundi wa pale walikuwa wakitoa risasi kwenye betri za magari na kuisubu kuwa vizito vya nyavu, sawasawa na tunavyofanya sisi, na udongo wa betri uliachwa ukajichanganya na mchanga wa mitaa. Bei ya risasi ilipopanda, watu, wengi wao wanawake, wakaanza kuuchimba na kuuchekecha mchanga huo ili wauze kilichomo, na mifuko yake ikaingizwa hadi majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Ndugu zao na mama zao walipopimwa, wote walikutwa na sumu ya risasi katika damu. Hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda wala hawakuishi karibu na mgodi. Walikuwa watoto wa wavuvi, katika mji wenye mitumbwi, nyavu na jua kama la kwetu. Kila ninapopita soko la samaki la Feri na kuona vijana wamekaa chini wakifunga vizito kwenye kamba za nyavu, nawafikiria wale wa Senegal.

Karibu zaidi na sisi, huko Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliathirika na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichojengwa ukutani mwa makazi yao. Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi hapo na ambaye mwanawe mchanga alipata sumu hiyo, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na kiwanda cha kushitakiwa. Kwetu sumu hii imegawanywa katika majiko madogo madogo, na mwenye jiko ndiye baba wa mtoto anayeumia.

Nawaomba pia wauguzi na madaktari wetu. Sumu ya risasi huanza kwa dalili zinazofanana na mambo mengine: tumbo kusokota, choo kigumu, uchovu, upungufu wa damu, kukosa hamu ya kula. Ikizidi, mtoto hupata degedege. Tunajua degedege linavyopokewa katika nyumba zetu. Wapo watakaomkimbiza mtoto kwa mganga, na watakaomfikisha zahanati watapimiwa malaria. Malaria ikikosekana, swali moja la nyongeza linaweza kuokoa uhai: je, hapo nyumbani au kwa jirani kuna mtu anayevunja betri au kuyeyusha risasi? Dawa za kuitoa risasi mwilini zipo kwa wagonjwa waliozidiwa, lakini hazina faida mtoto akirudishwa kwenye ua uleule wenye vumbi.

Inafaa pia kuangalia wanavyofanya watu wanaoyeyusha risasi kwa hiari na kwa mapenzi yao. Nchini Marekani wako wapenzi wa mchezo wa kulenga shabaha ambao huchekecha vichwa vya risasi vilivyokwisha kupigwa kutoka kwenye matuta ya udongo ya viwanja vyao, wakaviyeyusha na kusubu vipya kwa mikono yao. Hapa kwetu mambo ya silaha yana sheria yake, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wala sipendekezi mtu aige mchezo huo. Ninachokitazama ni nidhamu yao. Wenye uzoefu miongoni mwao hawagusi betri ya gari kabisa, hata wakipewa bure. Huyeyushia nje, kwa kipimajoto, katika chungu ambacho hakirudi jikoni maisha. Hawali, hawanywi wala hawavuti sigara wakiwa kazini. Huosha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine, hubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na wengi wao humwomba daktari awapime risasi katika damu mara kwa mara. Watu hao wana kipato, wana vifaa, na wanafanya kwa burudani, na bado wanaiogopa metali hii. Mvuvi wetu, anayeifanya kwa riziki, anastahili kinga isiyopungua hiyo.

Risasi isiyotoka kwenye betri ipo mjini. Mafundi wa tairi wana vile vipande vidogo vinavyobanwa au kubandikwa kwenye rimu wakati wa kubalansi gurudumu, na vingi vinavyong'olewa huishia kwenye makopo au mitaroni. Vya risasi huwa na antimoni kidogo inayovifanya vigumu kidogo, jambo lisilo na madhara kwa chubwi. Uchambuzi unahitajika, kwa sababu tangu mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku vipande vya risasi kwenye magari mapya, vipande vinavyofika na magari yaliyotumika vinaweza kuwa vya chuma au zinki. Sumaku inavuta vya chuma. Cha risasi ukikibana kwa koleo la kukatia kinaingia kwa urahisi, na ukikiangusha kwenye saruji kinatoa sauti nzito. Cha zinki ni kigumu na kinalia. Vya zinki vikipenya hadi chunguni vitaelea bila kuyeyuka, mradi joto lisifike nyuzijoto 419, na vinaweza kuenguliwa. Na kwa kazi nyingi za nyavu risasi haihitajiki hata kidogo. Vipande vya nondo au vizito vya saruji vinatosha: chuma, kwa uzito uleule, kinachukua ujazo kama mara moja na nusu tu ya risasi, na kwenye wavu wa kuzamisha tofauti hiyo haimzuii mtu kuvua. Uingereza ilizuia chubwi nyingi za risasi katika uvuvi wa ndoana tangu mwaka 1987, baada ya kubainika kwamba bata maji walikuwa wakizimeza na kufa, na wavuvi wao hawakuacha kuvua.

Kwa wale ambao bado watahitaji kusubu chubwi za mishipi, pendekezo langu ni kwamba kila ufukwe wenye kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, utengewe banda moja la kazi hiyo. Banda liwe na paa na lisiwe na kuta, sakafu iwe ya saruji inayooshwa, na lijengwe mahali ambapo si kusi wala kaskazi itakayopeleka moshi kwenye nyumba za watu au kwenye samaki. Chungu kiwe cha chuma kizito. Sufuria za alumini zinazotumika sasa ni hatari ya peke yake, kwani alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 na mkaa uliopulizwa unapita hapo. Kitako kikitoboka, risasi ya moto itamwagikia miguu ya mtu aliyevaa kandambili. Paa nalitaja kwa sababu ya maji. Tone la mvua au kipande kibichi kikizama ndani ya risasi iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke papo hapo, yakapanuka zaidi ya mara elfu moja, na chungu chote kinaweza kurushwa usoni mwa anayekoroga. Kwa hiyo chakavu kianikwe kikauke na kiwekwe chunguni chungu kikiwa bado baridi, mchanga wa kusubia usiwe umelowa, na asiyekuwa na viatu vilivyofunika mguu, glavu za ngozi na miwani asikaribie. Mavi yaenguliwe palepale kwenye chungu, yatiwe kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo lisifike nyumbani kwa mtu.

Wapo watakaosema njia fupi ni kupiga marufuku kila kitu. Sikubaliani nao. Marufuku isiyo na banda wala malighafi mbadala itaihamisha kazi hii kutoka uani hadi chumbani, usiku, milango ikiwa imefungwa, na hapo watoto watavuta hata ule moshi ambao sasa unapeperushwa na upepo. Marufuku ielekezwe kwenye kitu kimoja, yaani kuvunja betri nje ya viwanda vyenye kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitambua taka hatarishi na inalipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, mamlaka ya kusimamia. Kinachotakiwa ni usimamizi huo ushuke hadi kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeona mizani ambako betri haipokelewi mpaka imwagwe tindikali, eti uzito wa maji haulipiwi. Agizo moja kwamba betri ipokelewe ikiwa nzima, na bei yake iwe ya betri nzima, lingeondoa sababu ya kijana kuivunja. Wauzaji wa betri mpya nao watakiwe kuipokea ya zamani na kumpunguzia mteja bei.

Yako pia maeneo ambayo yameshachafuka, na hayo hayatasafika kwa kusubiri, kwa sababu risasi haiozi. Familia inayojua kwamba uani kwake betri zimewahi kuvunjwa isifagie pakavu. Inyunyizie maji kwanza, na iwazuie watoto kucheza hapo. Mchicha na matembele yasipandwe kwenye udongo huo, wala kuku wasiachwe kuuparua, kwani risasi huingia kwenye mayai. Kufunika uwanja kwa saruji au kwa tabaka nene la udongo safi husaidia, ilimradi udongo wa zamani usichotwe na kumwagwa kwa jirani. Manispaa ingeweza kuomba Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipime sampuli kutoka katika nyua chache za kila ufukwe, ili tujue pa kuanzia.

Mimi niko tayari, siku za Jumamosi, kwenda kwenye ufukwe wowote wa Kigamboni au Kinondoni nikiwa na sumaku, koleo na gunia la vipande vya rimu, nikawaonyesha vijana namna ya kutenganisha risasi, chuma na zinki bila kuwasha moto. Ninachohitaji ni ruhusa ya BMU ya mahali hapo na barua ya mtendaji wa kata, na ofisi zinazohusika zinaweza kunipata kupitia kwako.

Msomaji wako,
Mwalimu wa kemia,
Kigamboni, Dar es Salaam